Majivu ya bure siyo mbolea mpaka ujue kilichochomwa

Vijana wenzangu wa kilimo biashara, swali la kila msimu ni lile lile: "Bwana shamba, majivu yanafaa shambani?" Majivu ya kuni, ndiyo. Yana potasi na kalisi, na yanapunguza tindikali ya udongo, tatizo ambalo wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tunalo. Wazee wetu walichanganya majivu hata na mahindi ya ghalani kuzuia wadudu.

Lakini wazee walichoma kuni. Sasa hivi kwenye shimo la taka kuna mabomba ya PVC, nyaya, viatu vya plastiki na makopo ya viuatilifu. Msimamo wangu ni huu: majivu ya taka yasiingie shambani wala bandani hata kiroba kimoja, mpaka aliyeyachoma akuoneshe cheti cha maabara.

Sababu ni klorini. PVC inayo kwa wingi. Taka zikiungua kwa moto hafifu, au moshi ukipoa taratibu kati ya nyuzi joto 200 na 400 hivi, klorini inaungana na kaboni na kutengeneza sumu zinazoitwa dioksini na furani. Shaba ya kwenye nyaya inaharakisha kazi hiyo. Sumu hizi hazinuki, hazionekani, zinakaa kwenye udongo miaka mingi, na zinahifadhiwa kwenye mafuta ya mwili. Mahindi huvuta kidogo sana kwa mizizi. Kuku ndiye anayeumia: anadonoa udongo na majivu kutwa nzima, sumu inaishia kwenye kiini cha yai.

Mfano upo. Mjini Newcastle, Uingereza, kiwanda cha Byker kilikuwa kinachoma mafuta yaliyotengenezwa kwa taka za mji. Miaka ya 1990 majivu yake yalimwagwa kwenye njia za bustani za wananchi. Yalipopimwa yalikutwa na dioksini, na wafugaji wa pale wakaambiwa wasile mayai wala kuku wao. Hicho kilikuwa kiwanda cha kisasa, siyo shimo la nyuma ya nyumba.

Mtasema hiyo ni Ulaya. Haya, twende Nairobi. Mwaka 2005 mtandao wa IPEN ulitoa matokeo ya mayai ya kuku wa kienyeji wa jirani na dampo la Dandora, ambako taka huungua hovyo. Dioksini ilikuwa zaidi ya mara 7 ya kikomo cha Umoja wa Ulaya cha wakati huo.

Sasa wengine wananiambia, "Si tunapima udongo?" Ndiyo, pima. Lakini kipimo kile cha kawaida kinakupa tindikali na virutubisho tu. Dioksini ni habari nyingine. Sampuli inachukuliwa sehemu nyingi za lundo na kuchanganywa, inalowekwa kwenye kiyeyusho kwa saa nyingi, inasafishwa, halafu mashine inatafuta aina 17 zenye sumu kali kati ya 210. Kila aina inahesabiwa kwa ukali wake, kisha zinajumlishwa. Kipimo chake ni pikogramu, yaani gramu moja ikigawanywa mara trilioni. Gharama yake siyo ya mkulima wa ekari 3.

Ndiyo maana nasema mzigo wa kupima usiwe wako. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na dioksini zimo kwenye orodha yake. Mwenye tanuru, iwe hospitali, kiwanda au halmashauri, ndiye apime majivu yake kabla hayajatoka getini. Akishindwa, yazikwe mahali salama, asigawe kwa wakulima kwa jina la mbolea.

Wewe kipimo chako ni swali moja: nini kilichomwa? Kuni, mabua, maranda yasiyo na rangi wala dawa, chukua. Ukijibiwa "taka taka tu", acha. Kupunguza tindikali, nunua chokaa ya kilimo. Usichome taka karibu na banda, na shimo la zamani lizungushie wavu kuku wasifike.

Chokaa ina bei, najua. Lakini udongo ukishaingia dioksini hakuna dawa ya kupulizia ikaondoka, na mteja wa mayai akishakukimbia, harudi kwa punguzo la bei.