Baridi ya Mbulu Haina Kosa

Ukiumwa viungo huku kwetu Mbulu, hutaulizwa mengi. Jirani atasema ni baridi, mama mkwe ataleta mizizi ya kuchemsha, na siku ya mnada utauziwa unga wa kahawia uliofungwa kwenye karatasi. Nimekulia ndani ya imani hiyo, na leo naikataa waziwazi, kwa sababu inalemaza watu wetu.

Hata jina linatudanganya. Tunauita ugonjwa baridi yabisi, basi tunadhani baridi ndiyo chanzo. Ingekuwa hivyo, Tanga na Unguja kusingekuwa na mgonjwa hata mmoja. Wapo. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, mlinzi wetu, inamgeukia mwenye nyumba na kushambulia utando wa maungio. Kiungo kinavimba, kinauma, na mfupa unalika polepole.

Najua kwa nini baridi inashukiwa. Alfajiri za Julai shangazi yangu aliamka vidole vimekakamaa, vifundo vimevimba mkono wa kulia na wa kushoto, asiweze kufunga kanga. Jua likipanda, vidole vinalegea. Nani asingesema ni baridi? Lakini kiungo chenye ugonjwa huu hukakamaa kwa kulala bila kusogea, na hulegea kikianza kazi. Joto hutuliza maumivu, ila ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Shangazi alikunywa mizizi miaka miwili. Alipofika hospitali vidole vilikuwa vimeshapinda, na havikunyooka tena.

Kama tunataka kulaumu mazingira, tulaumu penye ushahidi. Moshi wa sigara huongeza hatari ya ugonjwa huu. Vumbi la mwamba lenye silika pia. Vijana wetu wanakwenda Mirerani kuwa wanaapolo, yaani wachimbaji wa madini, wanatoboa mwamba na kuvuta vumbi hilo mchana na usiku. Mmoja wao akirudi na viungo vilivyovimba tunasema alilala kwenye baridi, wakati shimoni ni joto la kumtoa mtu jasho.

Tena si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi, au anayemzalisha ng'ombe aliyetupa mimba kwa mikono mitupu, anaweza kupata brusela: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, mgongo na nyonga kuuma. Hiyo hutibiwa kwa antibaiotiki kwa wiki kadhaa, si kwa shuka zito. Na maziwa yakichemshwa, vijidudu vyake hufa.

Siitukani mitishamba. Tangawizi na manjano tule. Mafuta ya samaki yamepimwa, na hupunguza maumivu kwa kiasi. Lakini hakuna hata kimoja kilichothibitika kuuzuia mfupa usilike. Dawa ya hospitali iitwayo methotreksati, inayotumiwa mara moja tu kwa wiki chini ya daktari na isiyofaa kwa mjamzito, imethibitika, hasa ikianzwa miezi ya mwanzo. Na ule unga unaomnyanyua mgonjwa kwa usiku mmoja uogopwe: katika nchi nyingi unga wa namna hiyo umekutwa na steroidi, dawa ambayo ikitumiwa kiholela huharibu mifupa na kupandisha sukari.

Tusisahau 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, kilichosemwa kuponya. Wapo walioacha dawa za hospitali wakiamini wamepona. Imani ilikuwa ya kweli, uponyaji haukuwepo.

Basi mikono ikikakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa moja, au uvimbe ukipita wiki chache, nenda zahanati uombe rufaa. Hospitali ya Haydom iko Mbulu tangu 1955. Hatuna kisingizio cha kusema hospitali ni za mjini. Mfunike bibi shuka, ni upendo. Kukicha, mpe nauli na umsindikize.