Kusubiri Nako Kuchangiwe

Siku ya kikao ukoo mzima ulijaa sebuleni kwa mama mkubwa, Kimara Baruti. Ajenda ilikuwa moja: apasuliwe au asipasuliwe. Kipimo cha CT kilikuwa kimeonyesha kivimbe cha milimita 9 kwenye pafu lake la kulia. Kiko mahali ambapo sindano ya kuchukua kinyama ni vigumu kukifikia, kwa hiyo daktari alimpa njia mbili: arudie kipimo baada ya miezi mitatu waone kama kinakua, au kitolewe sasa kwa upasuaji. Kila njia ina hatari zake, akasema, nendeni mkazungumze.

Baba mdogo hakuchelewa. "Kitu kimeonekana, kitolewe. Mnasubiri nini?" Halafu macho yote yakanigeukia. "Wewe si ndiyo msomi wetu? Sema."

Wanachuo wenzangu, kiti hicho mnakijua. Unasoma uhasibu, lakini ukifika nyumbani wewe ni daktari, wakili na fundi simu. Siku ile nilibabaika. Leo nina msimamo, na nausema: kwa mtu kama mama mkubwa, kusubiri kwa tarehe maalumu ni sehemu ya matibabu. Sisi ndugu tunakuona kama uzembe kwa sababu hatujazoea kukuchangia.

Kivimbe pafuni si lazima kiwe saratani. Shirika la Afya Duniani linaihesabu Tanzania kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na TB iliyopona huacha makovu ambayo kwenye picha yanaweza kufanana na saratani changa. Mama mkubwa aliwahi kuugua TB akamaliza dozi, na sigara hajawahi kuigusa. Hata huko Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2011, uliohusisha watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara sana, ulikuta kwamba katika kila majibu 100 ya CT yaliyotia shaka, takriban 96 hayakuwa saratani. Na upasuaji wa pafu si kung'oa jino. Kuna usingizi, kuna kifua kuingiliwa, na wakati mwingine kipande kizima cha pafu kinaondoka. Kumpasua mtu ili kutoa kovu ni kumuumiza bure.

Lakini baba mdogo naye ana hoja. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa waliopimwa kwa CT walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliopimwa kwa eksirei. Saratani ikiwahiwa ingali ndogo, upasuaji unaweza kuiponya kabisa. Kwa hiyo anayesema "tusubiri" halafu asirudi, huyo hajachagua kusubiri, amecheza kamari. Kivimbe cha milimita 9 kikiongezeka ujazo mara mbili, kipenyo chake hufika kama 11 tu. Huwezi kukisikia kifuani wala kukikohoa. Kitaonekana kwa picha ya pili ikilinganishwa na ya kwanza, basi.

Ndiyo maana picha zitunzwe. Tulitafuta eksirei ya mama mkubwa ya enzi za TB, huenda daktari angeona chochote cha kulinganisha. Ilipotea mwaka 2017, tulipohama wakati nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro zinabomolewa. Walihama na kabati, bahasha ya hospitali ikabaki.

Halafu kuna hela. Siku ile, neno "opareshini" lilipotajwa, simu zilitoka mifukoni na ahadi zikaanza kumiminika. Nilipouliza nani atachangia kipimo cha miezi mitatu ijayo, watu wakatazama dari. Ndivyo tulivyo: tunachangia kisu, tunachangia msiba. Tarehe ya kurudi hospitali haina mweka hazina. Mgonjwa anabaki nayo peke yake, ikifika hana nauli, anajiambia mbona sina maumivu.

Aliyemaliza mjadala ni mwenye pafu, ambaye mpaka saa hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Nipeni hiyo miezi mitatu," alisema mama mkubwa. "Lakini hela ya opareshini msiile."

Sijasikia mpango bora kuliko huo. Tarehe imeandikwa ukutani, hela ya kipimo iko kwenye simu yangu na nimeongezea kidogo kutoka kwenye boom, na ya upasuaji imewekwa kando. Kikikua, anapasuliwa bila kikao kingine. Kikitulia, anaendelea kupimwa kwa tarehe atakazopewa.

Kwa hiyo ukiitwa "msomi" kwenye kikao cha kwenu, usijitie udaktari. Muulize daktari kivimbe kina ukubwa gani na kipimo kinarudiwa lini. Muulize mgonjwa anataka nini. Kisha, kabla watu hawajavaa viatu, uliza nani ameshika hela ya kurudi.