MASHAURI YASIYO JAWABU



Ujiji si mji mgeni kwetu sisi watu wa visiwani. Wazee wetu walivuka bahari mpaka Bagamoyo, wakaikata bara kwa miguu, hata wakafika ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Basi leo twawatazama ndugu zetu wa huko, kwani mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sheria ya mwaka 1982 ilikipa kila kijiji cha Bara halmashauri ya watu 15 hadi 25, pamoja na kamati tatu za kudumu: ya fedha na mipango, ya huduma za jamii, na ya ulinzi. Lau mambo yangalikoma hapo, yangalitosha. Lakini kila idara iliyokuja na mradi wake ilikuja na kamati yake: ya maji, ya shule, ya misitu, ya UKIMWI, na huko mialoni kikundi cha kulinda samaki. Mtu yule yule mwenye kujua kusoma huitwa huku na huku, na siku anayokaa kikaoni nyavu zake hazishonwi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sisi hatupingi kushauriana. Shura ni jambo lililosifiwa katika dini, na ni ada ya wazee wetu. Tunalolichukia ni shauri linaloombwa kisha lisijibiwe. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa, upande wa Tanzania, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Huenda dawa ikawa njema, na mgonjwa hakatai dawa chungu akielezwa maradhi yake. Walakini mvuvi aliyekalia vikao mwaka mzima ana haki ya kuuliza: neno langu liliandikwa wapi, na nani aliyelijibu?

Haki yataka tuseme na jema. Mpango wa Taifa wa mwaka 2017 wa kuzuia ukatili juu ya wanawake na watoto uliagiza kamati mbalimbali za mambo hayo ziunganishwe ziwe moja. Hilo twalisifu.

Lakini kupunguza nako kwaweza kuwa hila. Mwaka 1972, kwa jina la madaraka mikoani, halmashauri zilizochaguliwa na watu zilivunjwa, na mahali pao zikaja kamati zilizotawaliwa na maofisa. Kilichopungua ni sauti ya mpiga kura, si vikao. Kadhalika mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za kwanza za ngazi ya chini duniani kuingia katika mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka 2017 Tanzania ikajitoa katika mpango huo. Dirisha likafungwa, kamati zikabaki gizani.

Sisi wenye maduka huhesabu mali kila mwaka, na bidhaa isiyonunuliwa huiondoa rafuni. Serikali nayo na izipime kamati zake kwa mizani tatu. Ya kwanza, muda: kamati izaliwe na siku yake ya kufa ikijulikana. Ya pili, uwazi: taarifa yake ibandikwe ubaoni isomwe na kila mtu. Ya tatu, jawabu: mwenye kuomba shauri ajibu kwa maandishi alilikubali lipi, alilikataa lipi, na kwa sababu gani. Itakayoshindwa na ivunjwe. Ama baraza lililochaguliwa kwa kura, hilo lisiguswe ila na wapiga kura wenyewe.

Nasi huku visiwani jambo hili latuhusu zaidi. Mwenyekiti wa kijiji cha Kigoma huchaguliwa kwa kura. Sheha wetu huteuliwa. Asiyeogopa kura atamjibu nani, kama hakulazimishwa kujibu kwa kalamu? Kwa hiyo, ewe mwanachama, ukiitwa katika kamati yoyote ya shehia, ya wavuvi au ya skuli, usikatae kwenda, wala usiende kuhesabiwa kichwa tu. Uliza: kamati hii itakwisha lini? Taarifa yake itabandikwa wapi? Nani atatujibu? Kisha taka maswali yako yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, na uyasikie yakisomwa kabla hujatia saini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.