Miwani ya Hangzhou na Neno la Rais

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2017, vijana watatu wa Kimarekani walitoka hotelini mwao katika mji wa Hangzhou, mashariki ya China, wakaingia katika maduka ya jirani. Walikuwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles. Walipotoka madukani walikuwa na vitu ambavyo hawakuvilipia, miongoni mwavyo miwani ya jua kutoka duka la Louis Vuitton. Siku ya pili yake polisi wa mji huo waliwatia mbaroni. Timu yao, iliyokuwa imekwenda China kufungua msimu kwa pambano mjini Shanghai, iliendelea na safari bila wao. Juma moja baadaye walikuwa wamekwisha rejea kwao bila kufikishwa mbele ya hakimu, na Rais wa nchi yao akiuliza hadharani kama watamshukuru.

Magazeti mengi ya ulimwengu yaliiweka habari ile katika kurasa za michezo. Kwa askari ilistahili ukurasa mwingine, maana humo mna mambo ambayo yeye huyashika kwa mikono yake kila siku: kukamata, kuhoji, kutoa dhamana, na lile jambo gumu kuliko yote, yaani neno la mkubwa linapokuja juu ya jalada ambalo bado liko wazi mezani.

Yafaa kwanza kuitazama sheria yenyewe. Kwa sheria ya China iliyokuwa ikitumika mwaka 2017, wizi mdogo ulikuwa na njia mbili. Ikiwa thamani ya mali ni ndogo, polisi wenyewe, bila hakimu, waliweza kumweka mkosaji kizuizini kwa siku 5 hadi 15 na kumtoza faini isiyozidi Yuan 1,000. Thamani ikivuka kiwango kilichowekwa, jambo hugeuka kuwa jinai. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliweka mwaka 2013 kwamba kiwango hicho kiwe kati ya Yuan 1,000 na 3,000, kila jimbo likichagua lake. Hapo kifungo chaweza kufika miaka 3, na mali ikiwa ya thamani kubwa zaidi, kuanzia Yuan 30,000 kwenda juu, kifungo ni miaka 3 hadi 10. Maana yake ni kwamba kibandiko cha bei ndicho kinachoamua ni mlango upi mkosaji ataingilia. Kijana anayenyoosha mkono sokoni kuchukua kofia na kijana anayenyoosha mkono katika duka la anasa wana utundu ule ule mioyoni, lakini yule wa pili amejichagulia kifungu kizito bila kukisoma. Tena wale watatu hawakuwa na kinga ya umri. Huko mtu hushitakiwa kwa wizi tangu atimizapo miaka 16, nao walikwisha kupita umri huo.

Alfajiri ya siku iliyofuata walipewa dhamana, wakasalimisha pasipoti zao, wakaamriwa kukaa hotelini. Dhamana ya namna hii katika sheria ya China yaweza kudumu hadi miezi 12 wakati upelelezi ukiendelea. Siku ile ile, tarehe 8, Rais Donald Trump alitua Beijing kwa ziara ya kiserikali, akiwa na mambo ya biashara na ya silaha za Korea ya Kaskazini mkononi. Aliliingiza na hili la miwani katika mazungumzo yake na Rais Xi Jinping. Tarehe 14 vijana wakapanda ndege, na mkuu wa ligi ya vyuo vyao akatamka kwamba jambo limemalizwa kwa namna iliyowaridhisha wakuu wa China.

Je, neno la Rais ndilo lililowafungulia? Yeye mwenyewe alisema walikuwa wakielekea kwenye kifungo cha miaka 10. Baba wa mmoja wao, Bwana LaVar Ball, hakukubali kwamba Rais alifanya jambo kubwa. Tarehe 19 Rais akajibu kwa hasira kwamba afadhali angaliwaacha gerezani. Ugomvi huo uliwafurahisha watazamaji wa televisheni, lakini yeyote aliyepata kukaa nyuma ya kaunta ya kituo anajua kwamba pande zote mbili zaweza kuwa na ukweli. Jalada ambalo sheria inaruhusu lifungwe, hufungwa upesi zaidi mkubwa akiuliza habari zake. Polisi wa Hangzhou walikwisha kutoa dhamana kabla viongozi wawili hawajakutana. Kwa hiyo mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo na sheria, siasa ikausukuma.

Adhabu waliyoipata kwa hakika waliipata nyumbani. Tarehe 15 walisimama mbele ya waandishi wa habari, wakakiri wizi wao na kuomba radhi, wakasimamishwa kucheza bila kuambiwa hadi lini. LiAngelo Ball alitolewa chuoni na baba yake mwezi wa Desemba, akaenda kucheza Lithuania. Wenzake wawili walibaki chuoni wakaukosa msimu mzima. Si adhabu ndogo kwa kijana ambaye mpira ndio riziki yake ya kesho, lakini haifanani hata kidogo na selo.

Sasa tuichukue habari hii tuiweke kando ya nyingine iliyoitangulia kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1993, huko Singapore, polisi walimkamata Michael Fay, kijana wa Kimarekani wa miaka 18, katika upelelezi wa magari yaliyoharibiwa kwa rangi. Kwake zilipatikana alama za barabarani zilizoibwa, kitu ambacho vijana wa kwao huning'iniza ukutani kwa mzaha. Tarehe 3 Machi 1994, baada ya kukiri makosa, alihukumiwa kifungo cha miezi 4, faini ya dola 3,500 za Singapore, na viboko 6. Viboko vilitokana na sheria ya mwaka 1966 dhidi ya uharibifu wa mali. Rais Bill Clinton aliomba asamehewe. Marekani ni taifa kubwa, Singapore ni kisiwa, na biashara kati yao ilikuwa nyingi. Serikali ya Singapore ilitafakari, kisha Rais wa nchi hiyo, Ong Teng Cheong, akipokea ushauri wa baraza la mawaziri, akapunguza viboko kutoka 6 hadi 4. Tarehe 5 Mei 1994 Fay alichapwa.

Hapo naona werevu wa utawala, hata kama mtu hapendezwi na adhabu ya viboko, nami ni mmoja wa wasiopendezwa. Kukataa kabisa kungalikuwa dharau kwa rafiki. Kukubali kabisa kungaliwaambia raia wa Singapore kwamba mgongo wa mgeni ni laini kuliko wao. Viboko viwili vilivyopunguzwa vilikuwa heshima kwa Clinton, na vinne vilivyobaki vilikuwa heshima kwa mahakama.

Ya tatu inasikitisha. Januari 2016, Otto Warmbier, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Virginia, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Pyongyang akiwa anarudi kwao kutoka matembezini. Alishitakiwa kwamba alijaribu kuiba bango la kisiasa katika hoteli. Katika nchi nyingine hilo lingekuwa shauri la kulipa bango na kuomba radhi. Korea ya Kaskazini ililihesabu kuwa kosa dhidi ya dola, na mwezi wa Machi ikamhukumu miaka 15 ya kazi ngumu. Alirudishwa kwao tarehe 13 Juni 2017 akiwa hana fahamu, akafa siku 6 baadaye. Kati ya serikali hizo mbili hapakuwa na ubalozi. Wasweden ndio waliowakilisha mambo ya Marekani mjini Pyongyang. Neno lilitumwa, lakini halikukuta sikio.

Raia wa taifa moja, vijana watano wa rika moja katika habari tatu, na vitu ambavyo hakuna hata kimoja kinachofikia bei ya gari bovu. Tofauti ya mwisho wao haikutoka katika kitu kilichoibwa. Ilitoka katika hali ya uhusiano kati ya miji mikuu siku ile kijana aliponyoosha mkono. Laiti ziara ya Beijing ingekuwa mwezi wa pili yake, au nchi hizo mbili zingekuwa zimegombana juma lile, sijui nani angeliuliza habari ya miwani.

Ndipo swali linapotugeukia sisi. Vijana wengi wa nchi zetu wako ugenini leo, wengine kazini katika nchi za Ghuba, wengine vyuoni na sokoni huko huko China. Rais wa nchi ndogo akizuru nchi kubwa, yamkini ana daraja la kukopea fedha na hospitali ya kuombea msaada. Hatazamiwi kutumia dakika tano za mazungumzo kwa pakiti ya manukato iliyofichwa mfukoni na kijana wa kijijini. Kinga ya kijana huyo ni ile iliyoandikwa tu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya mambo ya ubalozi unamtaka polisi wa nchi ya kigeni amweleze mgeni aliyekamatwa, bila kukawia, kwamba anayo haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Wengi hawaijui haki hiyo, na asiyeijua haiombi.

Ninyi wapiganaji mna ngao nyingine. Askari anapotumwa nje kwa amri, kama wale wa Uganda waliokwenda Somalia tangu Machi 2007, kwa kawaida hutangulia mkataba unaoeleza hadhi ya jeshi lake, na akikosa hushitakiwa kwa sheria ya kwao. Akidokoa kitu dukani atakutana na mahakama ya kijeshi, ambayo haina sifa ya upole, lakini ni mahakama anayoijua, kwa lugha anayoijua. Mwanawe aliyekwenda nje kuchuma hana ngao hiyo, na ni vema baba amwambie kabla ya kupanda ndege.

Lakini neno la mkubwa halisafiri kwa ndege ya Rais peke yake. Hufika kwa simu katika kaunta ya kituo cha polisi chochote, chetu kikiwamo. Mlinzi wa duka kubwa anamleta mvulana wa miaka 14 aliyekutwa na chokoleti ndani ya shati, kwa kushindana na wenziwe nani ataweza. Mlinzi amekwisha kumpiga, na watu waliokusanyika njiani walitaka kumpiga zaidi. Saa hiyo inspekta ndiye China, ndiye Singapore.

Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1997, haikumwacha bila maelekezo. Aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibika kwa jinai. Aliyezidi hapo, polisi anaweza kumwonya na kumwachia pale panapostahili, bila kesi. Wazazi wake wajulishwe haraka iwezekanavyo, pamoja na katibu wa mambo ya watoto wa baraza la mtaa wao, na mzazi awepo anapohojiwa, isipokuwa kuwepo kwake kutamdhuru mtoto. Asipopewa dhamana, asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 24, wala asichanganywe na watu wazima. Hata akifikishwa mahakamani, aliye chini ya miaka 16 hawezi kuwekwa kizuizini zaidi ya miezi 3 kwa kosa la namna hii, na aliyezidi 16 zaidi ya miezi 12. Kwa mtu mzima wizi ule ule waweza kufika miaka 10. Kati ya miezi 12 na miaka 10 pana usiku mmoja tu, ule wa kutimiza miaka 18. Ndiyo maana umri unaoandikwa kwa haraka katika kitabu cha matukio, kwa kumtazama mtu urefu na ndevu, ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Simu ikilia kwa ajili ya mvulana wa chokoleti, naye akaachiwa kwa onyo kabla ya chakula cha jioni, hakuna sheria iliyovunjwa; onyo lile lilikuwa haki yake hata bila simu. Mashaka yangu ni juu ya mwenziwe aliyekamatwa naye, mwenye chokoleti ya bei ile ile, ambaye mama yake anauza ndizi upande wa pili wa mji na hana habari. Huyo yuko kwenye benchi bado. Onyo lake limo katika kifungu kile kile, na saa zake 24 zinahesabiwa tangu alipotiwa mikononi mwa polisi.