Kompyuta ya Michezo: Mpya au ya Mtumba?

Swali hili limezungumzwa sana bwenini muhula huu. Kwa kuwa likizo imekaribia, na maombi ya fedha yataanza kwenda nyumbani, naona yafaa lizungumzwe pia mbele ya walimu na wazazi wetu. Mwanafunzi anataka kompyuta ya kuchezea michezo, kama vile mpira na mbio za magari, na fedha ni kidogo. Je, anunue mpya iliyo rahisi, au anunue ya mtumba? Mimi nasema anunue ya mtumba, lakini kwa masharti. Asiyeyajua masharti hayo ni heri akae na fedha zake.

Tuseme mzazi ametoa shilingi laki saba. Hizo si fedha za kuchezea. Katika nyumba nyingi ni jasho la msimu mzima, na humo humo zingetoka nauli, sare na godoro la mdogo wetu anayeingia Kidato cha Kwanza. Kwa fedha hizo hupati dukani kompyuta mpya yenye kadi ya picha. Utakayopewa ni ile ndogo yenye prosesa ya Intel N100 au mfano wake. Prosesa hiyo ilitoka mwaka 2023, ina viini 4, nayo iliundwa ili itumie umeme kidogo. Kwa kuandika na kusoma yafaa sana. Lakini ukiipa mchezo mzito, picha hukwamakwama, na mchezaji huona goli limekwisha kuingia kabla hajauona mpira. Upya wake haumsaidii kitu mtu aliyetaka kucheza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa tuitazame ya mtumba. Kompyuta nyingi za mezani tuzionazo Kariakoo, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zilitumika maofisini ng'ambo. Ofisi hizo hubadilisha mashine zao baada ya miaka michache hata kama bado ni nzima. Zimeundwa kwa chuma imara, na kazi yao ilikuwa kuandika barua na kupiga hesabu. Ukiitia kadi ya picha kama GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, itacheza michezo ambayo ile mpya ya N100 haiwezi. Kadi hiyo hutumia wati 75 tu, na aina zake nyingi hazihitaji waya wa umeme wa peke yake, kwa hiyo mashine ya ofisi huweza kuibeba.

Walakini, hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji husema, "Hii ni Core i5," nasi twafurahi. Core i5 si kitu kimoja. Tazama tarakimu baada ya kistari: i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2018, nayo ina viini 6 badala ya 4. Tofauti hii ni kubwa kuliko ilivyokuwa zamani, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Anayenunua kizazi cha tatu leo ananunua mashine ambayo mlango wake umekwisha kufungwa.

Sharti la pili ni umbo. Zile kompyuta nyembamba hazipokei kadi ya picha ya kimo cha kawaida. Chukua ya umbo kubwa, au hakikisha umepata kadi fupi kabla ya kulipa.

La tatu ni historia ya kadi yenyewe. Kwa miaka kadhaa watu walitumia kadi za picha kuchimba sarafu za kompyuta, usiku na mchana bila kupumzika. Ilipofika Septemba 2022, sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa njia hiyo, na kadi nyingi zilizochoka zikaingia sokoni. Kwa hiyo usikubali kadi ambayo hujaiona ikifanya kazi. Washa mchezo pale pale dukani kwa nusu saa. Sikiliza feni, gusa joto, tazama kama picha inatoa madoa. Muuzaji anayekunyima nusu saa amekwisha kukujibu.

La nne, tazama nyuma ya mashine. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo ya kuchagua umeme wa volti 115 au 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115, ukiichomeka kwenye umeme wetu itaungua mara moja. La mwisho, dai risiti yenye siku za kurudisha zilizoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako wanaosema kwamba mpya ina dhamana ya mwaka mmoja, na kwamba haili umeme wa LUKU. La umeme nalikubali. Na ikiwa fedha za mzazi zinafika mashine mpya yenye prosesa kama Ryzen 5 5600G, ambayo ina uwezo wa picha ndani yake, sina ubishi: anunue mpya. Lakini dhamana tuipime kwa maisha yetu. Sisi ni wanafunzi wa bweni. Kompyuta itabaki nyumbani imefunikwa kitambaa, tuitumie likizo ya Juni na ya Desemba. Mwaka wa dhamana utakwisha mashine ikiwa imefanya kazi miezi mitatu. Na ikiharibika, anayeishi wilayani atalipa nauli ya kuirudisha mjini.

Limebaki neno moja, nalo lawahusu wanafunzi wenzangu kuliko maduka. Wengi wetu tutawaambia wazazi kwamba kompyuta ni ya masomo. Hilo si kosa la adabu tu, bali huharibu ununuzi wenyewe. Baba akiambiwa "ya masomo" atanunua ile ndogo mpya, kwa moyo safi, maana kwa masomo yatosha. Kisha mtoto atanung'unika, na baba hatajua amekosea wapi. Tuseme kweli: ni ya kucheza, na ya kusomea pia. Mzazi akikataa, amekataa akijua. Akikubali, tukae naye na karatasi, tumwonyeshe kizazi cha prosesa, umbo na kadi, naye atauliza maswali ambayo sisi hatukuyafikiri, kwani ameshanunua baiskeli na redio za mtumba tangu hatujazaliwa.

Sisi wa Kidato cha Nne, tukimaliza mtihani wa Novemba, tutakaa nyumbani hadi Julai. Muda ni mrefu, na hapana haja ya kununua kwa pupa wiki ya kwanza. Mwenye maoni mengine na ayalete kwa Mhariri, nitayasoma kwa furaha.

Mwanafunzi, Kidato cha IV