Tupa Kuukuu Si ya Kutupwa

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii twaitumia sana, na kila mara twaielekeza kwa mlaji. Lakini katika dini yetu, makali ya kisu ni haki ya mnyama kabla hayajawa haki ya mlaji. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tuvinoe visu vyetu na tumpumzishe mnyama tunayemchinja. Hadithi hiyo imepokewa na Imamu Muslim.

Sasa na tuulizane kweli. Ifikapo Idi ya Mfungo Tatu, ni visu gani tunavyovitoa? Wengi wetu hukimbilia dukani kununua kisu chembamba king'aacho kama kioo. Kwa macho chapendeza. Lakini vingi katika vile vya bei rahisi, chuma chake ni laini: mbuzi wa kwanza chakata, wa pili chasitasita, wa tatu chasugua. Anayeteseka ni mnyama, na sisi tumesimama juu yake na takbiri midomoni.

Hali hiyo si ya lazima. Nenda kwa seremala au kwa fundi wa magari, hutakosa kuona tupa kuukuu iliyokwisha meno, yangoja jalala tu. Tupa nzuri ni feleji. Ndani yake mna kaboni kiasi cha sehemu moja katika mia, nyingi kuliko ile iliyomo katika nondo za kujengea, na kwa sababu hiyo hushika makali.

Si kila tupa lakini. Nyingine ni ngumu ngozi tu. Mhunzi hodari hupasha kipande chake mpaka kiwe chekundu, akakichovya majini, kisha akakipiga nyundo. Kikivunjika, ni feleji, kikipinda, hakifai.

Akisharidhika, huipasha tupa mpaka sumaku isiishike, akaifukia katika majivu ipoe polepole usiku kucha. Hapo hulainika, akaweza kuikata na kuyasugua meno yote yaishe, kwani ufa hupenda kuanzia hapo. Kisu kikishapata umbo hurudi motoni, kikawa chekundu tena, kikachovywa katika mafuta. Sasa ni kigumu mno, kikianguka sakafuni chaweza kuvunjika kama kigae. Basi hukisugua king'are, akakipasha mara ya mwisho kwa moto mdogo, kiasi cha digrii 200, mpaka kigeuke rangi ya makuti makavu. Akizubaa kikawa buluu, ugumu umepotea, na hana budi kuanza upya.

Wako watakaosema kisu cha feleji chaota kutu. Ni kweli. Lakini kukipangusa na kukipaka mafuta ya nazi si kazi ya kumshinda mtu.

Linalonisikitisha zaidi ni jinsi tunavyomtazama mhunzi. Kijana akivaa tai twamwita bwana. Akishika nyundo na koleo twamwona aliyeshindwa na masomo. Je, tumesahau kwamba Kurani yatueleza Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma na Mola wake, akafundishwa kufua mavazi ya vita? Tumesahau pia kwamba Al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wauzaji wa chuma? Kazi iliyofanywa na Mtume wa Mungu, na iliyowapa wazee wetu biashara, haiwezi kuwa kazi ya aibu.

Kwa hivyo nawaomba wazee wa misikiti na wenye mabucha: miezi miwili kabla ya Idi, kusanyeni tupa kuukuu za mtaa, mzipeleke kwa mhunzi aliye karibu, mumlipe ujira wake bila ya kumpunja. Na walimu wa vyuo wawapeleke vijana wakaone kwa macho yao namna kisu kinavyozaliwa. Watakaorudi na hamu ya kujifunza, wasikatazwe.

Tukifanya hivyo, mnyama atapata haki yake, mhunzi atapata riziki yake, na ujuzi utapata warithi. Tusiitupe tupa, wala tusimtupe mwenye kuijua.