Mbwa wa Barafu Kisiwani: Nani Atafagia Manyoya?

Dada zangu, na hasa nyinyi mabibi harusi mnaohesabu siku.

Leo sisemi habari za hina wala shela. Nasema habari ya mbwa, tena mbwa mwenye manyoya mengi, kwa sababu maneno haya yamefika mpaka kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Mteja anakuja kupimwa gauni, mazungumzo yanageuka: mchumba anataka mbwa. Si mbwa wa shamba. Anataka Husky mwenye macho ya buluu, au German Shepherd, au yule wa rangi ya dhahabu, Golden Retriever. Kamuona kwenye simu, kapenda. Bibi harusi anacheka tu, anasema, "Mwanamme akishapenda kitu, nimwambie nini?"

Mimi nasema mwambie. Na umwambie kabla ya nikaha, si baada. Mbwa anayepukutisha manyoya kwa wingi hana mahali ndani ya nyumba zetu za kisiwani. Anamchosha mke, anatia wasiwasi kwenye ibada, na zaidi ya yote anateseka yeye mwenyewe. Najua wapo watakaokasirika. Nisomeni mpaka mwisho kwanza.

Tuyajue manyoya yenyewe

Kila mbwa anapukutika, hata koko wa mtaani. Tofauti ni kiasi. Mbwa wa nchi za baridi, niseme kifundi, amevaa nguo mbili. Ya juu ni manyoya marefu magumu yanayozuia maji na jua. Ya chini ni laini kama sufi, imeshonana kama bitana ya koti. Hiyo bitana ndiyo balaa. Kwao, baridi ikimalizika na siku zikirefuka, inang'oka mafungu mafungu kwa wiki kadhaa, na baridi ikikaribia anabadilisha tena. Kinachouambia mwili lini ubadilishe ni hasa urefu wa mwanga wa mchana.

Sasa mlete huku. Sisi mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, na usiku tunawasha taa. Mbwa anayeishi ndani namna hiyo mara nyingi hana msimu tena. Anapukutika Januari mpaka Disemba.

Na tuangalie wametoka wapi. Husky alifugwa na Wachukchi wa Siberia kuvuta magari ya kuburuta kwenye theluji. Alaskan Malamute ni wa Wainuiti wa Alaska. Akita ni wa Japani. Saint Bernard ni wa milima ya Alps. Golden Retriever ni wa Scotland. Labrador asili yake ni Newfoundland, Kanada. German Shepherd alitengenezwa Ujerumani kuchunga kondoo, na chama chake kikaanzishwa mwaka 1899. Wote hawa wamo katika orodha ya wanaopukutika sana, na hakuna hata mmoja ambaye babu yake alionja kaskazi ya kwetu.

Maneno mnayodanganywa nayo

"Tutachukua mwenye manyoya mafupi." Labrador ana manyoya mafupi, Pug mafupi, Dalmatian mafupi, na wote wanapukutika kupita kiasi. Tena unywele mfupi mgumu ni mbaya zaidi kwa nguo. Unaingia kwenye uzi kama sindano, ukiupangusa hautoki, unautoa mmoja mmoja kwa kucha.

"Tutamnyoa." Msimnyoe mbwa mwenye nguo mbili. Yale manyoya ya juu ndiyo mwavuli wake. Ukiyaondoa, jua linaipiga ngozi, na yakiota tena yanaweza kuota vibaya, mabaka mabaka. Wala kupukutika hakukomi, anapukutisha vipande vifupi tu.

"Tutachukua Poodle, huyo hapukutiki." Kweli anapukutika kidogo sana. Lakini manyoya yake hayaachi kukua, anataka kukatwa na kuchanwa kila baada ya wiki chache, la sivyo yanafungana kama dodoki. Na mwenye pumu au mzio asidanganyike. Kinachomsumbua mtu ni protini iliyomo kwenye mate na magamba ya ngozi ya mbwa. Kwa hiyo hakuna mbwa wa kumwambia mgonjwa wa pumu, huyu ni salama kabisa.

Neno la fundi

Mimi nashona. Nawaambia ninachokijua kwa vidole vyangu.

Mahameli inashika manyoya kama gundi. Abaya nyeusi ikiguswa na mbwa mweupe, huvai mpaka ukae nusu saa na selotepu. Vitambaa vya plastiki plastiki, ambavyo ndivyo vingi madukani, vikisuguana vinavuta unywele kutoka hewani. Neti ya shela ina matundu, manyoya yanapenya na kulala humo. Lesi yenye shanga ndiyo usiseme, chini ya kila ua utakuta kijinywele. Makochi, mapazia, zulia, mashuka ya fungate, vyote ni nguo, na vyote vitavishwa manyoya. Ufagio wa chelewa haukusanyi bitana ya Husky. Inaruka mbele ya ufagio, inapanda hewani, inatua kwenye chakula.

Kwenye mswala

Wengi wetu hapa ni Shafi. Katika madhehebu yetu mbwa ni najisi mwili mzima, manyoya na mate. Kikavu kikigusa kikavu hakiambukizi najisi, hilo tumefundishwa chuoni. Lakini niambieni, kisiwani kwetu kuna kikavu gani? Jasho, sakafu iliyodekiwa, kanga iliyotoka kwenye kamba haijakauka vizuri, mvua za masika. Ukiingia unyevu, ni kuosha mara saba, na moja yake kwa udongo. Na unywele ulionasa kwenye shela yako ya kusalia si suala la kupendeza tena, ni suala la sala yako. Selotepu inaondoa unywele, haitwaharishi nguo.

Najua Maliki wanamuona mbwa ni twahara, na Hanafi wanasema najisi ni mate. Mimi ni fundi cherehani, sibishani na wanazuoni. Anayefuata rai hizo ana masheikh wake wa kuwauliza. Lakini hata huko bado kuna hadithi inayojulikana, kwamba anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa na ujira wake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Wapo wanazuoni waliokisia na ulinzi wa nyumba hapo. Macho ya buluu sijaona waliyokisia.

Na kama ulinzi ndio sababu, basi Husky si mlinzi. Anajulikana kwa kuwapenda watu wageni. Mwizi akiingia atamlamba mkono.

Nani kasema tunachukia mbwa?

Hapa nawageukia wa upande wa pili, wanaosoma wakifurahi, "Mwambie huyo, mbwa ni shetani." Mimi sikusema hivyo. Sote tumefundishwa habari ya yule mwanamke mwenye madhambi aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa. Watu wa pango walikuwa na mbwa wao, na Qur'ani imemtaja. Wasasi wetu wanaokimbiza nguruwe mashambani wanakwenda na mbwa, na muhogo unapona. Najisi ni hukumu ya twahara, si ruhusa ya kupiga mawe. Mtoto wako akimtupia mbwa jiwe ukanyamaza, hujamfundisha dini, umemfundisha ukatili.

Tena ni kwa ajili ya mbwa mwenyewe kwamba nasema msimlete. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anatoa kidogo sana chini ya nyayo, na kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema ulimi nje. Hewa ikiwa na unyevunyevu, kuhema hakumpozi vizuri. Sasa mchukue mnyama anayelala kwenye theluji usiku wa nyuzi 40 chini ya sifuri, mfunge uani kwenye msimu wa kaskazi, nyuzi zaidi ya 30, hewa nzito, ukuta wa bati. Joto likimzidi, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Utasema utamuwekea kiyoyozi. Umeme ukikatika je? Uniti zikimalizika je? Wewe mwenyewe unazima feni kubania matumizi, kiyoyozi cha mbwa atakilipa nani?

Kumtoa mnyama mahali Mungu alipomuumbia mwili wake, ukamleta pasipomfaa kwa ajili ya picha, mimi sina jina jengine zaidi ya dhulma. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mzigo ni wa nani

Tuseme ukweli wa nyumba zetu. Mwanamme ananunua mbwa, anapiga naye picha, asubuhi anakwenda kazini. Anayebaki na manyoya ni wewe. Wewe ndiye utakayefagia mara tatu kwa siku, utakayefua shela ya kusalia upya, utakayemjibu mama mkwe anayekataa kula kwako. Na mbwa hawa si wa kulala tu. Husky aliumbiwa kukimbia safari ndefu. Ukimfungia anachimba, anatafuna milango, analia kwa sauti mtaa mzima usilale.

Kwa hiyo bibi harusi, kabla ya kufunga nikaha, kaa na mchumba wako mbele ya watu wazima, umuulize kwa heshima:

Mbwa huyu ni wa haja gani, ulinzi, shamba au fahari?
Atalala wapi, na kivuli na maji yake viko wapi?
Nani atamchana kila siku, tena nje ya nyumba?
Sehemu ya kusalia italindwa vipi?
Chanjo ya kichaa cha mbwa na daktari wa mifugo, nani atalipa?

Asiyeweza kujibu haya hajawa tayari kufuga. Na kama haja ya ulinzi ipo kweli, wapo mbwa wa kwetu wenye manyoya mepesi, wamezoea joto, banda lao likiwa uani penye kivuli. Hakuna haja ya kuagiza barafu.

Na wewe ambaye Husky yuko nyumbani tayari? Usimtupe barabarani, hiyo ni dhulma juu ya dhulma. Mchane kila siku uani, uupe upepo mgongo ili manyoya yasikurudie. Maji baridi yasikosekane. Mtoe alfajiri na jioni, si mchana. Usimnyoe. Chumba cha kusalia kifungwe mlango. Na ufagio apewe aliyemnunua.

Dada zangu, kukubali kila kitu si subira. Subira ni ya mitihani aliyoleta Mungu, si ya mitihani iliyonunuliwa kwa fahari. Sema sasa, kwa ulimi mzuri, wakati neno lako bado linasikilizwa.